Vigwe Vitatu vya Shaba

Paukwa!

— Pakawa.

Mizani?

— Sawasawa.

Na mkono wa mwenye mizani?

— Tunautazama.

Utazameni kweli, maana wenzenu hawakuutazama, na mimi nikiikumbuka hadithi hii hasira hunipanda mpaka kooni. Sogeeni motoni. Wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, nataka nisikike.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kwenda sokoni kama sisi, palikuwa na kijiji bondeni kilicholima mtama. Fedha yao ilikuwa senti za shaba nyekundu, zenye tundu katikati. Mama wa kila nyumba alizitunga senti hizo kwenye uzi wa mkonge, mia kwa mia, akafunga fundo. Kamba hiyo waliiita kigwe.

Na kigwe kimoja, hapa nisikilizeni vizuri, kilikuwa na uzito wa ratili moja kamili. Kijiji hakikuwa na mawe ya mizani. Ukitaka kupima chumvi, ulitia kigwe kitanga hiki, chumvi kitanga kile. Vikilingana, mmemalizana. Hakuna aliyemshuku mwenzake, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kigwe chake.

Basi akaja Fisi. Alikuja na mizani inayong'aa na jiwe la chuma lililopakwa rangi nyeusi. "Mimi nanunua mtama," akasema, "na hili ndilo jiwe langu. Ratili moja. Asiyeamini alipime."

Kwale akalipima kwa kigwe chake, likalingana. Ngiri akalipima kwa kigwe chake, likalingana. Digidigi akalipima kwa kigwe chake, likalingana. Wote watatu wakasema, "Jiwe zuri hili," wakarudi makwao wakavitundika vigwe ukutani. Wakavisahau huko.

Fisi aliona wamesahau. Siku ya pili akapita nyumba kwa nyumba, anaimba:

Shaba kuukuu, nipe mimi,
bati jipya, chukua wewe.

"Hizi senti zenu zimepitwa na wakati," aliwaambia. "Ng'ambo ya mto hazipokelewi tena. Lakini mimi nina huruma. Nipeni moja ya shaba, niwape mbili za bati, nyeupe, mpya."

Kwale akauza. Ngiri akauza. Digidigi akauza, tena akashukuru, akamkaribisha Fisi uji. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza, kama hazifai, huyu anazitakia nini? Anazila? Mnacheka. Ndivyo walivyocheka na wao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Nungunungu, mjane, aliyekaa na binti yake mmoja, Mwanamiba. Vigwe vyake vitatu vilikuwa ndani ya chungu kilichofukiwa jikoni chini ya mafiga.

"Bi Nungunungu," Fisi akasema, "mbili kwa moja."

"Hizi alitunga mama yangu, na nyingine alitunga mama yake," akasema. "Leo siuzi. Kesho sijui."

Fisi akaenda zake. Shaba aliyoinunua akaipeleka ng'ambo ya mto, ikayeyushwa, ikawa masufuria. Kisha akaliingiza lile jiwe lake ndani ya nyumba, akafunga mlango, akalitoboa tumbo, kumbe ndani tupu, akalijaza risasi iliyoyeyushwa, akaliziba, akalipaka rangi nyeusi. Kwa nje lilikuwa lile lile. Kwa uzito lilikuwa ratili na nusu.

Msimu ule watu wakapeleka mtama sokoni. Gunia lililokuwa likitoa ratili tisini sasa likatoa sitini. Je, walimtazama Fisi? Thubutu. Walitazamana wao kwa wao.

Kwale akasema, "Ardhi imechoka." Akahama shamba la baba yake, akaenda kulima mawe.

Digidigi akasema, "Jirani ananiroga." Akaacha kumsalimia jirani yake wa miaka yote.

Ngiri akasema, "Kuna mwizi nyumbani kwangu." Akamchapa mwanawe wa kwanza, akamchapa wa pili, akamchapa wa tatu, na hakuna aliyekuwa ameiba hata punje.

Na Bi Nungunungu? Afadhali nisingesema, lakini nitasema. Alimwita binti yake, akamwambia, "Mwanamiba, mtama unaliwa ghalani, na ghalani tunaingia mimi na wewe tu. Mimi najijua."

"Mama, mimi sikula."

"Basi umeruka wenyewe?"

"Mama, sikula."

Akamnyang'anya funguo za ghala. Akawa anampakulia nusu sahani, na ile nusu anampakulia huku anamtazama mkono. Mtoto akakonda, miiba ikamlegea. Haya yote kwa ajili ya jiwe la Fisi, na Fisi mwenyewe amekaa sokoni ananenepa. Niacheni nipumue kidogo.

Haya. Fisi akarudi kwa Bi Nungunungu mara ya pili, maana hakuwa na raha. Alijua vile vigwe vikibaki kijijini, iko siku kimoja kitapanda mizani.

Shaba kuukuu, nipe mimi,
bati jipya, chukua wewe.

"Bi Nungunungu, tano kwa moja."

"Hizi alitunga mama yangu, na nyingine alitunga mama yake. Leo siuzi. Kesho sijui."

Majirani wakamcheka. "Bibi huyu kichwa kigumu. Amekalia fedha na mtoto wake anatembea kama kivuli." Maneno yakamchoma, kwa sababu mtoto alikuwa anatembea kama kivuli kweli.

Fisi akaja mara ya tatu. "Bi Nungunungu, kumi kwa moja. Sitapandisha tena."

Usiku ule, eh, sikulala kwake, lakini naijua akili ya mama. Alifukua chungu akavitazama vigwe vyake. Akiviweka, ana shaba ya mama yake na mtoto mwenye njaa. Akiviuza, ana magunia ya chakula mpaka mavuno yajayo, na chungu kitupu. Akasema, "Mama atanisamehe. Aliyekufa hali." Asubuhi akavivaa shingoni vyote vitatu, akamshika Mwanamiba mkono, wakaenda sokoni.

Sasa mtazameni Fisi. Kumi kwa moja, kwa senti mia tatu, ni senti elfu tatu nyeupe. Aliahidi mwenyewe, kwa mdomo wake. Lakini zilipofika mbele yake, roho ikamuuma. Mwenye mkono uliozoea kuiba haachi hata pale ambapo kuiba kutamponza.

"Siwezi kukaa hapa kuhesabu moja moja," akasema. "Watu wamejipanga. Tupime tu. Kila ratili nitaihesabu kuwa senti mia. Au huniamini?"

"Pima," akasema Bi Nungunungu.

Fisi akatia vigwe vitatu kitanga hiki. Akatia jiwe lake kitanga kile, halikutosha. Akaongeza jiwe la pili, pacha wa lile la kwanza, nalo alikuwa amelijaza risasi. Mizani ikatulia, sawasawa.

"Ratili mbili," akasema Fisi.

Waliojipanga wakasogea mbele.

"Rudia," akasema Bi Nungunungu.

"Ratili mbili, bibi."

"Rudia tena, hawa wote wakusikie."

"Ratili mbili. Vigwe vyako vimepungua. Shaba nayo huliwa na kutu."

Bi Nungunungu alikitoa kigwe kimoja akampa Kwale: "Hesabu." Kwale akahesabu, mia. Akampa Ngiri cha pili: "Hesabu." Mia. Akampa Digidigi cha tatu: "Hesabu." Mia, na fundo la bibi yake Bi Nungunungu halijaguswa.

Kisha akakiweka kigwe kimoja peke yake kitanga hiki, na jiwe moja la Fisi kitanga kile. Kigwe kikapaa juu. Jiwe likakaa chini kama limeota mizizi.

Ngiri akaliangalia lile jiwe. Akawageukia wanawe watatu waliosimama nyuma yake, na hakuweza kuwatazama usoni.

Bi Nungunungu akasema, na sauti yake haikupanda: "Mtoto wangu nimemwita mwizi. Nimemnyima chakula. Nilikuwa namtazama mkono, na mkono wa kutazama ulikuwa huu wa Fisi." Miiba yake yote ikasimama. Akaung'oa ule mti wa mizani, akamtandika nao Fisi kiunoni, mara moja kwa ajili ya mtama, mara ya pili kwa ajili ya shaba, na mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyomvunja, kwa ajili ya Mwanamiba. Fisi akakimbia huku nyuma kumeshuka, na mpaka leo hakujapanda.

Watu wakayafungua maghala ya Fisi wakagawana mtama. Kwa kipimo gani? Kwa vigwe vya Bi Nungunungu, maana kijiji kizima hakikuwa na kingine. Wakamwendea kwa unyenyekevu. "Bibi, tuuzie kigwe kimoja. Ishirini kwa moja. Thelathini."

"Jana mlinicheka," akawaambia. "Siuzi leo, siuzi kesho, na sasa najua. Kimoja nakitundika kwenye nguzo ya soko. Kila anayenunua na kila anayeuza atapimia hapo. Atakayekigusa kwa nia mbaya, mmeona kiuno cha Fisi."

Shaba ya wale wengine haikurudi. Iliendelea kupika ugali wa watu ng'ambo ya mto, na wao wakawa wanaiona ikipita sokoni imekuwa sufuria, inauzwa ghali, wanainunua. Hasira yangu hapo haina dawa.

Wakati wa kurudi nyumbani, Bi Nungunungu alimrudishia binti yake funguo za ghala.

"Mama, mimi sikula mtama," akasema Mwanamiba.

"Najua, mwanangu."

"Umejua lini?"

"Leo."

Mwanamiba akazipokea funguo, akatangulia mbele mpaka nyumbani. Jioni mama alimpakulia sahani ikajaa mpaka pembeni. Mtoto akala nusu, ile nusu nyingine akairudisha chunguni, kwa mazoea. Mama akaiona. Siku zote alizoishi baada ya hapo aliiona.

Ndiyo maana nawaambia: anayekuambia kitu chako hakifai, kisha anakipandishia bei kila akirudi, usiuze kabla hujajua anakitakia nini. Na ghala likipungua, kalipime kwanza jiwe la tajiri, ndipo umtazame mwanao.

Mimi nilipita sokoni kwao nikapimiwa mtama ratili moja, ya haki kabisa. Nimefika nayo hapa nusu. Msinitazame hivyo, na yule wa karanga kwanza afungue mkono.

Mizani?

— Sawasawa.

Na mkono wa mwenye mizani?

— Tunautazama.

Basi nimeishusha hadithi yangu kitangani. Mwenye nzito zaidi aipandishe.