Boti Iliyotulia Kupita Kiasi

Nimeletewa kisa hiki na rafiki, nikashindwa kukaa nacho peke yangu. Kisome taratibu.

Bwana Shaali alipostaafu udaktari alitaka kununua boti kubwa ya matanga, azunguke visiwani na mkewe, Bi Zaituni. Akaiona ya Bwana Faraji, aliyekuwa akiishi ndani yake na mkewe na watoto. Ilikuwa pana, nzito, imeundwa kwa safari ndefu. Paa lilikuwa limebeba tangi la maji, jenereta na sebule ndogo ya marumaru.

Wakatoka kuijaribu. Bahari ilikuwa imechafuka, lakini boti iliyumba polepole, kama inabembeleza mtoto. Hata chai haikumwagika.

“Hii ndiyo yenyewe,” akasema Bi Zaituni. “Humu hata mimi nitalala.”

Bwana Faraji akatabasamu. “Shemeji, zamani ilikuwa ikiturusharusha. Kila nilipoongeza kitu juu, ikazidi kutulia.”

Mhandisi Saumu, mkaguzi wa vyombo aliyeitwa na Bwana Shaali, akageuka ghafla.

“Umesema juu?”

Hakungoja jibu. Akaamuru warudi bandarini.

Walipofika alimshusha kila mtu, boti ikasogezwa mbali kidogo na gati. Akafunga kamba mbili kwenye ncha ya mlingoti, moja ya kuinamisha boti, nyingine ya tahadhari upande wa pili. Ile ya kwanza akawapa mabaharia.

“Vuteni,” akasema. “Chombo kizito kama hiki, kikiwa salama, kitainama kidogo tu, na mkiachia kitarudi kwa kishindo.”

“Watachoka bure,” akacheka Bwana Faraji.

Wakavuta. Boti ikalala. Ukingo wake ukazama, na ndani zikasikika sahani zikivunjika.

“Achieni!”

Wakaachia. Haikurudi.

Boti ilibaki imelala ubavu kama ng’ombe aliyechinjwa, maji yakiingia madirishani. Bi Zaituni alipiga yowe. Ndipo mabaharia walipokimbilia kamba ya pili, wakaivuta hadi boti ikasimama wima.

“Lakini ni nzito!” Bwana Faraji akalia. “Fundi aliniambia haipinduki!”

“Alisema kweli, kwa boti aliyoiunda yeye,” Saumu akajibu kwa upole. “Uzito wa chini ndio unaoirudisha. Ilipokuwa ikiwarusha, ilikuwa inajiinua kwa nguvu. Wewe umelundika uzito juu. Ule utulivu tulioufurahia leo ulikuwa ni kusitasita kwa boti, haijui irudi au ipinduke.”

Bwana Faraji akaketi palepale kwenye saruji.

“Juzi tumevuka mkondo mkubwa,” akanong’ona. “Wanangu walikuwa wamelala. Nikamwambia mama yao, tazama, hawajashtuka hata kidogo.”

Bwana Shaali alikaa chini kando yake, akamshika mkono. Hakuna aliyezungumzia kuuza wala kununua. Jioni hiyo tangi, jenereta na marumaru vilishushwa, na Bwana Faraji mwenyewe ndiye aliyebeba kipande cha kwanza.

Funzo: Kitu kutotikisika si ushahidi kwamba kiko salama. Kabla hujawapakia uwapendao, iwe chomboni, nyumbani au katika mipango yako ya maisha, hakikisha kwanza kwamba kikiinama kina nguvu ya kuinuka.