Mbwa Aliyeogeshwa Mara Tatu

"Jamani, mbwa ameshaogeshwa?"

Swali hilo liliulizwa uani, mchana kweupe, kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani. Wenye masikio mazima walikuwepo. Wenye midomo mizima walikuwepo. Hakuna aliyejibu. Lishikeni hilo swali, tutalihitaji.

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura na fisi kugombea asali, nasema zamani za juzijuzi, za watu wenye bati juu na simu mfukoni, kule kwenye baridi ya Tukuyu palikuwa na bibi aitwaye Sekela. Macho yake yalikuwa yamefifia, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Lakini alikuwa na mbwa. Majirani walikuwa wamecheka: kipofu na mbwa, wapi na wapi? Ndiyo maana mbwa akaitwa Watasema. Wakasema kweli, mpaka wakachoka.

Asubuhi Bibi Sekela akishika kamba, Watasema humpeleka chooni. Akitoka huko, humpeleka kwenye migomba yake. Jumapili humpeleka mpaka mlango wa kanisa, akajilaza nje hadi wimbo wa mwisho. Bibi mwenyewe alikuwa akisema, "Siku mkiniondolea huyu, nitandikieni mkeka nilale moja kwa moja."

Nyumba hiyo ilikuwa na mwanawe Ambakisye, na Tumpe, mke wa Ambakisye, na Lusajo, mdogo wake Ambakisye, fundi pikipiki. Watu wanne, mbwa mmoja. Na paka, ambaye hakuna aliyemkumbuka. Tutamfikia.

Basi kupe wakaingia. Bibi alipapasa masikio ya Watasema, vidole vikakutana na kupe walionona kama punje za kunde. Dawa ya kumwogeshea ilikuwepo stoo, na kipimo kila mtu anakijua: kifuniko kimoja, ndoo moja, mara moja, kisha unaiacha mpaka wiki zipite. Jambo dogo kabisa. Mtu mmoja anaogesha, habari imekwisha.

Lakini Bibi Sekela alikuwa na tabia yake. Hakuomba jambo mbele za watu. Alikuita chumbani, akakushika mkono, akakuomba kama anayekurithisha shamba.

Akamwita Ambakisye. "Mwanangu, kupe wanammaliza Watasema. Nakwambia wewe peke yako. Humu ndani wewe ndiye unayenijali."

"Sawa, mama."

Akamwita Tumpe. "Mkwe wangu, kupe wanammaliza Watasema. Nakwambia wewe peke yako. Humu ndani wewe ndiye unayenijali."

"Nimesikia, mama."

Akamwita Lusajo. "Kitinda mimba wangu, kupe wanammaliza Watasema. Nakwambia wewe peke yako. Humu ndani wewe ndiye unayenijali."

"Ondoa shaka, mama."

Watu watatu wametoka chumba kimoja, kila mmoja kifua mbele, kila mmoja ndiye peke yake. Mnacheka? Kwani kwenu hayupo mama wa hivyo?

Asubuhi Ambakisye akapima kifuniko kimoja, ndoo moja. Akamwogesha Watasema nyuma ya stoo, vizuri, mpaka katikati ya vidole, akamwachia akaote jua. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Yeye na mkewe walikuwa wamenuniana, kwa sababu Ambakisye alikula maharage kwa jirani akaja kuyasifia nyumbani. Mtu mzima na ndevu zake, anasifia maharage ya jirani mbele ya mkewe, halafu anashangaa chakula kuletwa bila neno. Haya.

Mchana, Watasema amekwisha kukauka, Tumpe akatoka na ndoo. Akasimama katikati ya uwanja.

"Jamani, mbwa ameshaogeshwa?"

Ambakisye alikuwa dirishani. Alisikia. Akajisemea, "Jamani ndiyo nani? Mimi nina jina. Akitaka jibu aniite kwa jina, kama siku zote." Akanyamaza.

Bibi Sekela alikuwa barazani. Alisikia. Akajisemea, "Nikifungua mdomo, Tumpe atajua kuwa nilimtuma mumewe pia." Akanyamaza.

Lusajo alikuwa kazini. Huyo tumsamehe, kwa sasa.

Tumpe akaona kimya maana yake ni hapana. Kifuniko kimoja, ndoo moja.

Jioni Lusajo akarudi, akamkuta Watasema anatetemeka pembeni ya ukuta. "Maskini, kupe wamemzidi!" Hakumuuliza mtu. Kifuniko kimoja, ndoo moja.

Jua halijazama, Watasema akaanguka. Mate yalimtoka kama povu la sabuni, miguu ya nyuma ikagoma. Bibi Sekela alivuta kamba, kamba ikawa nzito. "Watasema? Watasema!" Akapiga magoti, akaifuata kamba kwa mikono, kiganja baada ya kiganja, mpaka akamfikia na kumkuta anatetemeka mwili mzima. Akapiga yowe.

Wote wakaja mbio.

"Mbona nimemwogesha sasa hivi, vizuri tu!" akasema Lusajo.

"Wewe? Si nimemwogesha mimi mchana!" akasema Tumpe.

Ambakisye akashika kichwa. "Mimi asubuhi."

Tumpe akamgeukia mumewe, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu yale maharage. "Niliuliza! Nilisimama papa hapa nikauliza!"

"Uliuliza jamani."

"Kwani wewe si jamani?"

Mbwa anakufa, wao wanajadili nani ni jamani.

Lusajo hakungoja hoja iishe. Alimfunga Watasema kwa kitenge, akampakia shemeji yake nyuma, mbwa katikati, pikipiki ikateremka kilima hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na maneno ya ziada. Daktari akamwosha Watasema kwa sabuni na maji mengi, akamchoma sindano, akauliza maswali yake. Alipokwisha kusikia, akavua glavu.

"Cha kwanza kipimo sahihi. Cha pili kipimo sahihi. Cha tatu kipimo sahihi. Mmemtilia sumu kwa usahihi kabisa. Kuna mnyama mwingine anayelala naye?"

Wakatazamana.

"Nauliza!"

"Paka," akasema Tumpe. "Humlamba masikio."

"Na mko hapa mnanitazama mimi?"

Wakarudi mbio. Paka alikuwa uvunguni, mate yanamchuruzika. Ambakisye ndiye aliyemshika ili aoshwe, akatoka na mikwaruzo kutoka kiwiko mpaka shingo. Mimi naona haikutosha.

Paka alipona upesi. Watasema alibaki kwa daktari, na siku hizo zote Bibi Sekela hakuiona migomba yake. Alipelekwa chooni kwa zamu, kila mtu akimvuta kwa haraka zake, akagonga goti kwenye kizingiti. Jumapili alisikia kengele akiwa kitini. Kila aliposikia hatua, alishusha mkono usawa wa masikio ya mbwa, akashika hewa.

Siku ya kumchukua walikwenda wote wanne. Daktari akatoka na Watasema. Kamba alikuwa nayo mkononi, wala hakuitoa.

"Simrudishi kwa jamani," akasema. "Namrudisha kwa mtu mmoja mwenye jina. Dawa, chanjo, chakula, vyote vya huyo. Mwingine akitaka hata kumtoa nje, amwombe huyo kwanza. Haya, nani?"

Ambakisye akatangulia. "Mimi. Katika sisi, ni mimi tu niliyemwogesha mbwa mwenye kuhitaji kuogeshwa. Siku ingeishia kwangu, asingeanguka."

"Na ulisikia swali ukanyamaza," akasema Tumpe.

"Nilinyamaza. Lakini kunyamaza kwangu hakukushika ndoo."

Tumpe akasema, "Nipewe mimi. Nyumba nzima, mwenye kinywa cha kuuliza nilikuwa mimi peke yangu. Nyie wote mlikuwa na majibu, mkayakalia."

"Hukungoja jibu, shemeji," akasema Lusajo.

"Ningengoja mpaka lini? Mpaka maharage ya jirani yaishe?"

Lusajo akasema, "Sikuuliza, nakubali. Lakini nyie mlishinda naye uani mchana kutwa, nani alimtazama akaona anatetemeka? Na alipoanguka, nyie mlishika ugomvi. Mimi nilishika pikipiki. Yuko hai kwa sababu yangu."

"Ulimwona anatetemeka ukamwongezea," akasema kaka yake.

Bibi Sekela alisema mwisho, mkono wake umenyooka mbele, unatafuta kamba.

"Niliwadanganya wote watatu, mmoja mmoja. Na swali nililisikia, nikaogopa kuumbuka. Kosa langu ni kubwa kuliko yenu. Lakini nyie mkimkosa mbwa, mmekosa mbwa. Mimi nikimkosa, nimekosa njia. Mkimpa Tumpe, mnataka niwe naomba ruhusa ya kwenda chooni?"

"Na kifuniko utakipimaje, bibi?" akauliza daktari.

"Kwa ncha ya kidole. Chumvi ya nyumba hii anapima nani?"

Watasema naye alikuwa amekaa katikati yao, anawatikisia mkia wote wanne sawasawa, bwege yule.

Sasa msiniletee ile ya "wote walikosea." Hilo linajulikana, na daktari ana kamba moja. Msiniambie "wakae waelewane." Wangekuwa watu wa kukaa wakaelewana, mbwa angeogeshwa mara moja. Wala methali sitaki. Yuko aliyejua akanyamaza. Yuko aliyeuliza asingoje. Yuko ambaye hakuuliza, akadhuru, akaokoa. Yuko aliyempenda na kumhitaji kuliko wote, naye ndiye aliyeanzisha yote.

Je, nani alistahili kupewa kamba?

Tumpe aliuliza uani, watu wakatazama pembeni. Na mimi nimewauliza. Naomba mnijibu, jina moja tu.