Pembea ya Mzee Lugeze

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama waliolala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Enzi hizo, babu zetu hawajaota hata meno, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Mzee Lugeze akasimamisha magogo mawili ufukweni, akayaunganisha kwa boriti, akaning'iniza kamba za ngozi. Pembea hiyo! Ukiipanda, nyweee, uko juu ya maji. Nyweee, umerudi nchi kavu. Watoto wakajaa. Vijana wakaongeza mchezo huu, wakaongeza na ule, ufukwe ukawa uwanja wa michezo, watu wakaja hata kutoka ng'ambo.

Jirani yake, Mashimba, akaona wivu. Wivu ulimkaba hata ugali haushuki. Kilichomuuma zaidi ni Sayi, mjukuu wake wa pekee. Zamani alishinda naye uani, akimchongea vinyago. Sasa kukicha tu, mbio, kwa Lugeze!

"Sayi, babu yako ni nani?"

"Ni wewe, babu. Lakini wewe huna pembea."

Maneno hayo yalimchoma. Tena kila asubuhi Lugeze mwenyewe ndiye aliyetangulia kupanda. Nyweee, nyweee, mara saba, ndevu zinapepea, watoto wamesimama wanangoja.

"Mzee mzima ana uchu wa pembea!" Mashimba akasonya. "Anajionyesha tu."

Jioni moja, watu walipokwenda kula, akaja na kisu. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaikata kamba nusu.

"Aanguke mmoja tu majini," akajiambia. "Alowe, waogope, kila mtu arudi kwao. Sayi wangu arudi kwangu."

Kulipokucha akajibanza kwenye matete, apate kucheka. Nani akafika wa kwanza? Sayi! Keshashika kamba, mguu mmoja juu. Mashimba akafungua kinywa apige kelele. Aibu ikamziba sauti. Babu gani huyo, jamani!

"Ngoja, mjukuu wangu," Lugeze akasema, anakuja nyuma yake. "Kwanza mimi. Kamba ikinibeba mimi, na wewe itakubeba."

Nyweee. Nyweee. Kwacha! Puu! Si majini, kwenye mawe. Mguu ukavunjika.

Mashimba akatoka mbio, akamwinua. Lugeze akaitazama kamba: nusu imechanika, nusu imekatwa safi. Kisha akamtazama Mashimba, akamtazama sana.

"Mguu huu haupandi tena," akasema. "Kesho atatangulia nani?"

Mashimba machozi yanamtoka.

"Mimi, ndugu yangu."

"Hata ukiogopa?"

"Hata nikiogopa."

Kamba mpya ikafungwa. Tangu hapo Mashimba ndiye aliyetangulia, kila asubuhi mara saba, mpaka akazeeka. Na uwanja ukaitwaje? Wa Lugeze! Hata Sayi aliuita hivyo. Msidhani wivu wa Mashimba uliisha, ulimuuma vilevile. Lakini alipanda.

Basi nyie, mkimwona mtu ametangulia, msikimbilie kununa. Ulizeni kwanza anakwenda kupokea nini huko mbele.

Ngano yangu imefika ufukweni, nami nashuka.