Atafutaye Mbuzi Asifunue Chungu

Paukwa!

Pakawa!

Nawasikia wawili tu, wengine mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina silitaji, mbuzi walianza kupotea. Leo mmoja, kesho wawili. Watu wakamlilia jumbe, naye jumbe akapiga mbiu: walinzi waingie nyumba yoyote, saa yoyote, bila hodi. Bila hodi, jamani! Tangu lini?

Palikuwa na Siwatu, mwaka wa saba kwenye ndoa, mtoto hajapata. Mvunguni alificha chungu cha dawa za uzazi alizopewa na mama yake. Hata mumewe hakujua. Walinzi wakaingia, vishindo, puu, puu. Mbuzi hawakumwona. Basi wakafunua chungu. Mbuzi gani huyo akaaye chunguni? Jua halijapanda, kisimani hakuna habari nyingine, ni vicheko tu. Siwatu akafunga nguo zake arudi kwao.

Njiani akaingia kumuaga Bi Kirembo, mkunga aliyekizalisha kijiji kizima, jumbe mwenyewe akiwemo. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Weka mzigo chini, mwanangu. Nisubiri."

Akashika mkongojo wake, ko, ko, ko, mpaka kwa jumbe, moja kwa moja hadi chumbani.

"Bibi, hata hodi?"

"Natafuta mbuzi, mjukuu wangu."

Jumbe alitoka jasho linamtiririka. Mbiu ikapigwa upya, na safari hii maneno yalikuwa ya Bi Kirembo.

"Mwizi atafutwe, maana mbuzi wa watu ni jasho la watu. Lakini mlinzi apige hodi mara tatu, aseme anatafuta nini, na jirani ashuhudie. Na atafutaye mbuzi asifunue chungu."

Wakaanza upya. Hodi, hodi, hodi. Karibu. Asanteni, hayupo. Wakafika kwa Mwinyikai, tajiri wa maneno. Huko walinzi walikuwa hawajafika bado, walishughulika na vyungu. Mwinyikai akajibu kwa ndani kwamba nyumba yake ni siri yake, na hafungui.

"Siri yako tunaiheshimu, baba," akasema Bi Kirembo. "Lakini mbuzi si siri yako."

Hodi ya tatu ikapita, mlango ukasukumwa. Mbuzi kumi na mmoja, midomo imefungwa kamba!

Walinzi wakamfuata Siwatu kwa Bi Kirembo kuomba radhi, wamesimama nje, wanapiga hodi. Siwatu akafungua mzigo wake, akabaki. Tangu siku hiyo alimfagilia Bi Kirembo uwanja kila asubuhi, na kila alipomaliza alisema, "Ahsante, mama." Alifagia mpaka bibi alipofariki. Alichokiona chumbani kwa jumbe, bibi alizikwa nacho.

Basi, wanangu, kijiji bila ulinzi huliwa na wezi, na ulinzi bila hodi nao ni wizi. Mkipiga hodi mkasubiri, mshukuruni bibi yule.

Nani kauliza kama Siwatu alizaa? Sisi tulitafuta mbuzi, na mbuzi tumewapata. Hadithi yangu naiachia hapo, mlangoni.