Kalunguyeye na Spika za Ngiri

Masikio yapo?
— Yapo.
Yako wapi?
— Huku moja, na huku moja.
Na kisogoni?
— Kisogoni hakuna.
Basi kaeni macho, maana hadithi hii inaingilia kisogoni.

Alikuwepo Kalunguyeye, mdogo wa mwili, mwenye miiba, mjane. Pango lake lilikuwa refu, lenye vyumba. Marehemu mumewe alilichimba wakati nyumba imejaa watoto. Watoto wakakua, wakavuka mto, wakaoa na kuolewa huko. Mara moja moja walituma salamu. Kalunguyeye akabaki anapika chakula cha mtu mmoja katika sufuria ya watu wengi, kwa sababu ndiyo sufuria aliyokuwa nayo.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Pango halikuwa la aliyelichimba, lilikuwa la jamaa wanaokula ndani yake. Anayelitaka husimama mlangoni wakati wa chakula cha jioni, akategea sikio. Akisikia jamaa wanakula, huomba radhi, akaenda zake. Akisikia mlaji mmoja, hurudi mwezi mpya ukiandama. Na kama mlaji bado ni yule yule mmoja, basi mwenyewe hufungasha, na mgeni huingia.

Ngiri akaja kusimama mlangoni. Ngiri mnamjua: shingo nene, meno nje, kitu cha mwenzake hakimpiti. Akasikia kijiko, kwa, kwa. Kimya. Kwa, kwa. Kimya.

"Mama, uko peke yako," akasema.

"Niko peke yangu," Kalunguyeye akajibu. Angekataaje, na kijiko kimeshasema?

Hakulia. Aliosha kile kijiko, akalala. Kuchimba pango jipya hakuweza, miguu ilishachoka, na ng'ambo ya mto hakuna aliyemwita. Asubuhi akaenda kumwomba Ngiri amwache hata masika yapite.

Akamkuta kalala mbele ya runinga mpya, na deki mpya ya diski, na spika zake: tano ndogo na moja kubwa ya besi, zote kazirundika karibu na pua kama mafungu ya nyanya. Diski ilikuwa ya vita. Kila watu wa kwenye picha walipotulia wakazungumza, Ngiri alibonyeza rimoti, chwi, akaruka mpaka kwenye mapigano. Du! Du! Chwi. Du! Du! Chwi. Ombi la masika alilikataa bila kugeuza kichwa.

Kalunguyeye akawa anatoka. Hapo akaona nyaya za spika mbili, ndefu kuliko pango lenyewe, zimeviringwa bila kazi. Akasimama.

"Baba, sauti umenunua nzima. Mbona unakula nusu?"

Ngiri akazima. Hiyo nusu ilimuuma.

Kalunguyeye akamweleza taratibu kwamba katika diski kama hizi kila spika ina sauti yake, hii haina habari na inachosema ile. Waya mrefu hivi ni wa kwenda vyumba vya nyuma, ili msikilizaji azungukwe. Pango la Ngiri lilikuwa na chumba kimoja. La Kalunguyeye lilikuwa na vyumba.

"Na pango langu si lako, mwezi ukiandama? Anza kuhamisha."

Ngiri hakumwita mtu amsaidie, aliogopa kuibiwa. Akabeba runinga, akatoa jasho, akatua. Akabeba deki, diski na zile spika ndogo tano, akatoa jasho, akatua. Akabeba sola ya kuviwashia umeme, akatoa jasho, akatua. Akabeba ile spika ya besi, akatoa jasho, akatua, akalala chini kabisa. Kalunguyeye akampangia: hii kulia, hii kushoto, hii katikati, hizi mbili nyuma. Ngiri alipomaliza hakuwa na nguvu hata ya kujaribu. Akarudi kwake kungoja mwezi.

Kalunguyeye akaitazama diski yote, hakuruka hata mahali pamoja. Kumbe kabla ya vita kulikuwa na jamaa wanakula. Deki ikamuuliza anataka sauti iliyobanwa au sauti kamili. Iliyobanwa, watu walisikika kama wamejifunika blanketi. Kamili, mtu akimeza unajua amemeza nini.

Mwezi ukaandama. Ngiri akasimama mlangoni, akategea sikio. Kushoto msichana analalamika kapewa kipande kidogo. Kulia mzee anakohoa. Nyuma kabisa mtoto analia, mtu anambembeleza. Kisha chini, chini kwenye udongo: du, du, du, mtu mzito anakuja mezani.

Aliyoelezwa na Kalunguyeye Ngiri hakuwahi kuyasikia; sauti ya diski aliyoizoea ni mlio mmoja unaotoka mbele, na mazungumzo aliyaruka kila mara. Hizi zilitoka kila chumba.

"Mama, hao ni nani?"

"Jamaa zangu."

"Na huyo mzito?"

"Huyo kitinda mimba. Wakubwa wako njiani."

Ngiri akauliza habari ya vyombo vyake.

"Viko ndani, baba. Ingia uwaombe. Ila wanakula, na adabu unaijua."

Ngiri akaijua adabu. Akaomba radhi, akaenda zake, kwato zikilia tikiti tikiti, na hakurudi.

Kalunguyeye akapakua chakula chake ale na wale watu. Akakaa chumba cha kushoto, akamsikia msichana tu. Akahamia kulia, akamsikia mzee tu, na kikohozi chake. Akabeba sahani mpaka katikati ya pango, na hapo wote wakamfikia, hata mtoto. Akasogea kidogo, wakapotea. Akarudi, wakaja. Ilikuwa ni hapo tu, na hapo palitosha mtu mmoja. Jamaa walipomaliza kula, vita vikaanza. Akabonyeza rimoti, chwi, akawarudisha mezani.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chachu niachieni kwenye sufuria. Na funzo ni hili: msidanganye, msichukue cha mtu, na mheshimu wenye nguvu. Mkifanya hivyo mtazeeka mmezungukwa na jamaa, kama Kalunguyeye.