Pimbi, Kiboko na Slaidi za Uji

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na sufuria kubwa.
— Ikatokota!
— Palikuwa na uji.
— Tukapanga foleni!
— Mkanywa?
— Tukanywa maji!

Basi hayo maji ndiyo hadithi yenyewe. Tulieni. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema au toka nje, siwezi kusimulia huku nasikia kwachu-kwachu.

Hapo kale, tena si kale sana maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na shule ya wanyama huko bondeni. Shule ilikuwa na uji, na uji ulikuwa na kiranja wake wa jikoni, naye alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na adabu, jamani! Saa nne ikifika, ringi ikigongwa ngwa! ngwa! ngwa!, anasimama na upawa wake na kutangaza:

"Wadogo kwanza! Wakubwa tutasubiri!"

Anakuja Pimbi na kikombe chake, anachotewa juu. Anakuja Kindi, anachotewa juu. Anakuja Kobe, anachotewa juu. Wadogo wakiisha, unga wote umeshatua chini, mzito, wa moto, na ukoko umeshikilia sufuria. Hapo ndipo Kiboko anapokumbuka kwamba hata yeye hajanywa. Gubu! Gubu! Gubu!

Pimbi, kama hamumjui, ni mnyama wa mawe, saizi ya sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa kaptula umetobolewa tundu la tano. Kila saa tano tumbo lake linalia nguru-nguru-nguru, na Mwalimu Kanga anauliza nani kaleta pikipiki darasani.

Sasa, huyo Mwalimu Kanga alikuwa ameletewa projekta. Tangu siku hiyo kila kitu alitaka kimulikwe ukutani. Jumatatu akasema: "Mwaka huu kiranja wa jikoni hatapatikana kwa ukubwa wa mwili. Anayeutaka ukiranja, Ijumaa asimame hapa na slaidi zake atuambie atafanya nini. Dakika kumi kila mmoja, halafu tunapiga kura."

Kiboko akanyoosha mkono. Wengine wote wakamtazama Kiboko, wakaikalia mikono yao. Pimbi tumbo likamlia nguru-nguru, na mkono ukajikuta uko juu.

Mapumziko, Kiboko akambana ukutani. "Dogo, mimi na kompyuta hatuelewani. Kidole changu kimoja kinabonyeza herufi sita. Ijumaa asubuhi nitapita kwako kuchukua slaidi zangu. Ziwe nzuri."

"Sawa, kaka."

"Kaka nani?"

"Kaka mkubwa."

Pimbi akaenda nyumbani, akaanza na slaidi zake mwenyewe. Akakaa kwenye kompyuta siku mbili, tak-tak-tak. Akaandika yote anayoyajua kuhusu uji. Ulezi unatoka wapi, mtama unasagwaje, nani alikoroga wa kwanza. Slaidi thelathini, herufi ndogo mfano wa chawa, na kila neno linaingia likiruka, fyuu! Akamwita shangazi yake aje aone.

Shangazi akakaa. Pimbi akaugeukia ukuta, akaanza kusoma. Slaidi ya kwanza hajaimaliza, akasikia nyuma yake: khoroo-fyuu, khoroo-fyuu.

"Shangazi! Umelala?"

"Sijalala, mwanangu, nimefumba macho nisikie vizuri. Hivi wale chawa ukutani ni wa nini?"

"Ni maneno, shangazi!"

"Ahaa. Na wewe ulitaka kusema nini hasa?"

"Nataka kusema uji ukorogwe kabla ya kugawiwa, ili mzito na mwepesi uchanganyike, kila mtu apate."

"Mbona hilo limekuchukua pumzi moja? Si uliseme hivyo hivyo?"

Pimbi alitaka kulia. Siku mbili kazi bure! Lakini shangazi mtu akikoroma, amekoroma, huwezi kubishana na pua. Akaanza upya. Slaidi ya kwanza, picha ya kikombe cha maji meupe. Ya pili, picha ya sufuria iliyokatwa katikati: juu maji, chini uji. Ya tatu, picha ya mwiko na maneno mawili makubwa: KOROGA KWANZA. Akasimama mbele ya shangazi bila kusoma, anamtazama usoni. Akarudia mara tano. Mara ya tano shangazi akaruka na kandambili mkononi: "Yuko wapi huyo kiranja wenu?"

Zile slaidi thelathini, Pimbi akataka kuzifuta. Kidole kikasita. Akatabasamu, akaongeza kamstari kamoja chini kabisa ya slaidi ya kwanza. Kamstari gani? Hebu ngojeni, mna haraka ya nini?

Ijumaa asubuhi Kiboko huyo, du! du! du! Akakuta flashi mbili juu ya jiwe.

"Hii ndiyo yako, kaka mkubwa," Pimbi akasema. "Ina slaidi tatu. Ile nyingine usiiguse, nakusihi. Ile yangu, ina slaidi thelathini, nimeitolea jasho."

"Tatu? Mwili wote huu, slaidi tatu?"

"Kaka mkubwa, ukiichukua ile nimekwisha!"

Kiboko akaichukua ile. Pimbi akalia, akagaragara, akaita mama yake na shangazi yake. Kiboko alipopotea kwenye kona, Pimbi akajifuta vumbi na kuokota flashi yake.

Kabla sijaendelea, lijueni hili. Shule ile ilikuwa na desturi tangu enzi za chaki: kilichoandikwa mbele kinanakiliwa kwenye daftari, na hakuna kusonga mpaka wa mwisho amalize. Na wa mwisho siku zote ni Kobe. Kila mwanafunzi alilijua hilo. Kiboko hakulijua, kwa sababu tangu aanze shule hajawahi kunakili hata tarehe. Yeye huchukua daftari za wenzake.

"Mkubwa kwanza!" akasema Kiboko darasani, akaenda mbele. Projekta ikawaka. Maneno yakaingia fyuu! fyuu! fyuu! mpaka ukuta ukajaa. Darasa zima likainama na kalamu, krr-krr-krr. Kiboko akabonyeza apite.

"Bado!" Kobe akaita. "Na utusogezee makalio, mstari wa nne uko hapo!"

Mwalimu Kanga akairudisha slaidi ya kwanza. "Desturi ni desturi. Wasomee, wakufuate."

Kiboko akaugeukia ukuta, akasoma kwa sauti yake ile ya kutikisa madirisha. Akasoma ulezi, akasoma mtama. Jasho linamtoka, dakika zinakwenda. Akafika chini kabisa, akanguruma bila kufikiri:

"Mimi, mnyama mdogo wa mawe, nakunywa maji ya juu kila siku..."

"Taratibu!" Kobe akaita. "Kila siku, halafu?"

"Kila siku, kwa sababu kiranja wetu Kiboko..."

"Kiboko, kituo?"

"Hakuna kituo! Kiranja wetu Kiboko hakorogi uji makusudi, ili mzito ubaki wake."

Kalamu zikasimama.

"Samahani," Kobe akasema, "rudia kuanzia *makusudi*."

Ngwa! Dakika kumi zimekwisha. Darasa likaanguka kwa kicheko, na Kindi akadondoka dirishani. Kiboko akatafuta pa kujificha, lakini mwili ule utauficha wapi?

Pimbi akapanda juu ya kiti. Akaonyesha kikombe, akawaangalia wenzake, akawauliza: "Nani anakijua hiki?" Mikono yote juu. Akaonyesha sufuria, wakaguna. Akaonyesha mwiko, akasema: "Nikipewa upawa, nitakoroga kwanza." Akashuka. Dakika tatu tu, na Kobe alikuwa ameshafunga daftari. Kura zikapigwa, Pimbi akapata zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa nzito sana.

Jumatatu Pimbi akakoroga, koro-koro-koro, akagawa. Kila mtu akapata kikombe cha uji mzito, Kiboko naye kikombe kimoja. Pimbi akanywa wake akasikia joto mpaka vidoleni. Akafunga mkanda tundu la nne.

Kindi akauliza: "Na ukoko je, kiranja?"

"Ukoko?" Pimbi akasema. "Ulikuwa slaidi ya ngapi?"

Kobe akafungua daftari. Akasoma ukurasa mzima, taratibu. Ukoko haukuwemo. Na alipokuwa bado anatafuta, kiranja hayupo tena, na nyuma ya jiko ikasikika: kwaru, kwaru, kwaru.

Funzo, wanangu: kuiba kazi ya mwenzio ni vibaya. Ni vibaya sana, hasa ukiiba kabla ya kuisoma.

— Uji umekwisha!
— Tumeshiba!
— Sufuria?
— Tupu!
— Na ukoko?
— Wa nani?
— Wa msimulizi.