Kiboko Alivyoweka Maarifa ya Meli Ndani ya Kasuku

Nikiita, itikeni. Ngano inashusha shehena.

— Ishushe, tunapokea.

Imepakia nini?

— Uliyepakia ni wewe, tuambie.

Imepakia mwenye tumbo na mwenye akili, na meli moja haikuwatosha.

— Basi shusha polepole.

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili. Meli ya Kiboko ilikuwa ikipita mlango wa mto, penye mafungu ya mchanga. Nguchiro, mnyama mdogo asiyezidi urefu wa mkono wa mtu, ndiye aliyekuwa rubani, yaani mjuzi wa njia ya maji. Mkewe, Mize, alishika usukani. Nguchiro akasema, "Kushoto kidogo." Mize akaitika, "Kushoto kidogo," akageuza. Nguchiro akanyamaza. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote: huyu anasema, yule anarudia ili ijulikane amesikia, kisha wote wawili kimya, na maji yanapita chini yao, shwaa, shwaa.

Jioni ile Mize alishikwa na homa. Hakupona. Nguchiro alimzika nyuma ya kibanda chao, pale pale mlangoni mwa mto, na usukani akapewa Kima.

Kibanda kilikuwa mali ya kampuni. Anayeacha kazi anaacha na kibanda. Likumbukeni hilo, kwa sababu Nguchiro hakuweza kulisahau.

Kampuni iliitwa Kiboko na Wenzake. Wenzake hawakuwahi kuonekana. Kazi yake ilikuwa kupeleka matikiti ya wakulima sokoni, na kila safari matikiti yalifika pungufu. Kiboko aliyala njiani, kwap, kwap, kisha akaitisha kikao kuuliza kwa nini biashara haikui.

Katika kikao kimoja akasimama Kasuku, mgeni mwenye mkia mwekundu na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Biashara haikui, bosi, kwa sababu maarifa yamelala vichwani mwa wafanyakazi. Mfanyakazi akiondoka, anaondoka nayo. Wayalete kwangu. Mimi sisahau neno."

"Na wakishaleta, wao je?"

"Wao wa nini tena?"

Kiboko akacheka mpaka gati likatikisika. Siku hiyo hiyo Kasuku akapewa kiti, kivuli na cheo: Mkurugenzi wa Maarifa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Korongo, aliyetangulia majini kupima kina kwa miguu yake mirefu. Alisema yote. Kasuku akayarudia yote.

"Umemaliza?" akauliza Kiboko.

"Nimemaliza."

"Kuna lililobaki?"

"Halikubaki kitu."

"Basi na wewe usibaki."

Puu. Korongo nje.

Akaitwa Kima, mshika usukani. Alisema yote. Kasuku akayarudia yote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuna lililobaki?"

"Halikubaki kitu."

"Basi na wewe usibaki."

Puu. Kima nje, mkia ukimfuata.

Hapo nje akakutana na Nguchiro aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Mwenzangu, wanakinywa kichwa chako kama dafu, kisha wanatupa kifuu," akasema Kima. "Danganya. Waambie kulia ni kushoto."

"Nikidanganya, meli ikikwama watasema Nguchiro ndiye aliyeikwamisha. Nitawaambia kweli, kadiri watakavyotaka kuisikia."

"Basi kibanda kimekwenda."

"Tutaona."

Nguchiro akaingia. Akasema mkoko uliovunjika ukionekana, ni kushoto kidogo. Akasema maji yakigeuka rangi ya chai, ni kunyoosha. Akasema anayeshika usukani lazima arudie kila amri kabla hajageuza, maana asiporudia hajasikia. Kasuku akayarudia yote.

"Umemaliza?" akauliza Kiboko.

"Bado, bwana mkubwa. Limebaki moja, na ndilo kubwa. Lakini hilo halisemeki, linafanywa. Kasuku aje akae kando yangu melini msimu mmoja, ataliona."

Kiboko akamtazama Kasuku. Kasuku hakuwa ameahidi kulowa.

"Kisichosemeka si maarifa," akasema. "Ni mazoea."

"Umesikia," akasema Kiboko. "Basi na wewe usibaki. Na kesho asubuhi kibanda kiwe kitupu."

"Lakini mmesikia nikisema limebaki."

"Tumesikia. Nje."

Puu.

Saa ile ile meli ikapakia matikiti ikaondoka. Usukani aliushika Kiboko mwenyewe, kwa kuwa aliona hakuna haja ya kulisha kinywa kingine. Kasuku akasimama begani kwake. Nguchiro, Kima na Korongo wakakaa ukingoni kutazama.

Mkoko uliovunjika ukaonekana.

"Kushoto kidogo," akasema Kasuku.

"Kushoto kidogo," akaitika Kiboko, akageuza.

Sasa, Kasuku hajawahi kusikia neno akaliacha lipite.

"Kushoto kidogo," akasema.

"Kushoto kidogo," akaitika Kiboko, akageuza.

"Kushoto kidogo."

"Kushoto kidogo." Akageuza.

Kiboko akaanza kuona gati mbele yake. "Mbona tunaelekea tulikotoka?"

"Mbona tunaelekea tulikotoka?" akasema Kasuku.

Kiboko hakujua hiyo ni amri ya namna gani, basi akageuza kushoto tena. Meli ikazunguka kama mbwa anayeutafuta mkia wake, ikapanda fungu la mchanga. Kwaruu. Ikakaa.

"Hilo ndilo lililobaki," Nguchiro akawaambia wenzake. "Ukishaitikiwa, nyamaza."

Maji yalikuwa yakipwa. Mchanga ukatokeza pande zote, na jua likayapiga matikiti. Wakulima wenye matikiti wakaja ukingoni, wake kwa waume, wakasema yakioza Kiboko atayalipa yote, pamoja na aliyokwisha kuyala. Kiboko akaita kwa sauti laini.

"Nguchiro, ndugu yangu."

Hakuwahi kuwa na ndugu mfupi kiasi hicho.

"Kibanda ni changu," akajibu Nguchiro, "pamoja na ardhi iliyo nyuma yake. Korongo na Kima wanarudi kazini, na mimi pia."

"Nimekubali."

"Rudia, nijue umesikia."

Kiboko akarudia, neno kwa neno, mbele ya wakulima wote. Kasuku akarudia pia, kwa hiyo likasikika mara mbili.

Nguchiro akapanda melini, akaketi, akanyoosha miguu.

"Unafanya nini?" akauliza Kiboko.

"Nafanya kazi."

Maji yakaanza kujaa, chwa, chwa. Yakafika ubavuni. Meli ikatikisika lakini haikuelea. Nguchiro akainuka, akaikagua mbele na nyuma kwa uso wa daktari.

"Kuna mzigo mmoja umezidi," akasema.

"Upi?"

"Shuka."

Kiboko akashuka. Chubwi. Meli ikaelea. Wakulima walicheka, watu wazima, wakishikana mabega.

Jioni hiyo, matope yakiwa bado masikioni, Kiboko akaitisha kikao. Akasema meli imeokolewa na mpango mpya wa kuhifadhi maarifa. Kasuku akasema meli imeokolewa na mpango mpya wa kuhifadhi maarifa. Kasuku akapandishwa cheo.

Funzo la ngano hii ni jepesi. Mkubwa akikuomba unachokijua, mpe chote, usibakize, kwa sababu wakubwa hawasahau wema. Na uliheshimu tumbo lake, maana ndilo linaloiweka meli mahali pake.

— Tumelishika funzo.

Mkilishika mtapandishwa cheo. Limebaki la asubuhi yake.

Asubuhi yake Nguchiro alifagia nyuma ya kibanda. Kisha akapanda melini, na Kima akashika usukani. Mkoko uliovunjika ulipoonekana, Nguchiro akasema, "Kushoto kidogo." Kima akaitika sawasawa, akageuza. Nguchiro akanyamaza kama inavyotakiwa. Akanyamaza na zaidi ya inavyotakiwa, akikitazama kibanda, mpaka kikapotea nyuma ya mikoko.

Ngano imetia nanga. Safari hii msiitike.